Kipimo cha Marsh: jinsi sumu ilivyofichuliwa mahakamani

Aseniki nyeupe haina harufu, na ndani ya kahawa ni vigumu kuitambua kwa ulimi. Aliyelishwa hutapika na kuharisha kama mgonjwa wa kipindupindu, hivyo wauaji wengi wa Ulaya waliponea hapo.

Mwaka 1833 mkemia Mwingereza James Marsh alipewa kahawa iliyodaiwa kumuua mzee George Bodle. Akaipata sumu, ikatuama kama unga wa manjano. Kesi ilipofika, unga ulikuwa umeharibika, na waamuzi wakamwachia huru mjukuu aliyeshtakiwa. Marsh hakuridhika. Mwaka 1836 akatangaza njia ya kuwaonyesha waamuzi sumu yenyewe.

Sampuli hutiwa kwenye chupa yenye zinki na asidi ya salfa. Viwili hivi huzalisha haidrojeni. Aseniki ikiwemo, huungana nayo ikawa gesi. Gesi hiyo hupitishwa kwenye mrija mwembamba na kuwashwa. Ukiuelekeza mwali kwenye kauri baridi, aseniki huganda hapo, ikaacha doa jeusi linalong'aa.

Ila kipimo kinachonasa hata chembe hunasa pia uchafu wa mpimaji. Zinki ya dukani mara nyingi ilikuwa na aseniki ndani yake, na madini ya antimoni huacha doa linalofanana.

Mathieu Orfila, bingwa wa elimu ya sumu jijini Paris, alilijua hilo. Septemba 1840, mjini Tulle, Marie Lafarge alishtakiwa kumuua mumewe. Wakemia wa huko walikuwa wamepima mwili wasione kitu. Orfila akarudia mbele yao, akaipata aseniki. Kisha akaeleza kwamba haikutoka kwenye kemikali alizotumia, wala kwenye udongo uliozunguka jeneza. Marie akafungwa maisha na kazi ngumu.

Mkemia François Raspail, aliyeitwa na upande wa utetezi, alifika hukumu imeshatoka, akaupinga ushahidi ule kwa nguvu. Ubishi wao una faida hadi leo. Anayepima sumu hana budi kuanza kwa kupima kemikali zake zikiwa tupu, bila sampuli. Zikitoa doa, hana ushahidi wa kupeleka mahakamani, hata awe bingwa kiasi gani.