Wimbo si hati ya talaka

Kila ninapomtaja Richard Thompson kwa mtu anayemfahamu, na huku kwetu si wengi, jibu huwa ni moja: aa, yule wa albamu ya talaka. Wanamaanisha Shoot Out the Lights ya mwaka 1982, aliyoimba na mkewe Linda. Habari yake imeshakuwa ngano. Mume na mke wanaimba nyimbo za mapenzi yanayobomoka huku ndoa yao yenyewe ikibomoka, kisha wanazunguka Marekani kuziimba jukwaani wakiwa hawaelewani hata kidogo. Mwaka 1989 jarida la Rolling Stone liliiweka ya tisa katika albamu bora 100 za muongo ule, na tangu hapo ngano na albamu zimekuwa kitu kimoja.

Sikatai, nami niliingilia mlango huohuo. Lakini nimekaa na nyimbo hizi muda mrefu sasa, na naona ngano hiyo inatunyima kitu. Kwa hiyo haya ni malalamiko yangu kwa mashabiki wa Thompson, ambao mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Tuanze na kalenda, maana kalenda haina ushabiki. Nyimbo nyingi za albamu ile zilikuwa zimeshaandikwa na kurekodiwa mara ya kwanza mwaka 1980, studio, chini ya usimamizi wa Gerry Rafferty, yule wa Baker Street. Thompson hakuipenda kazi ile, na hakuna kampuni iliyoichukua. Ndipo Joe Boyd, Mmarekani aliyemjua tangu akiwa kijana, akawapeleka tena studio mwishoni mwa 1981, wakazirudia kwa siku chache tu. Linda alikuwa mjamzito, pumzi zinamkatika, na tayari alikuwa na lile tatizo la sauti ambalo lingekuja kumnyamazisha miaka mingi. Ndoa ilikuja kuvunjika baada ya hapo. Yaani maneno yalitangulia, talaka ikafuata. Shabiki atakwambia: basi alikuwa ameshahisi. Inawezekana. Ila ukishafika hapo husikilizi wimbo tena, unapiga ramli.

Wimbo unaonikera zaidi, kwa jinsi unavyosomwa, ni Walking on a Wire. Anayeuimba ni Linda. Aliyeuandika ni Richard. Ni wimbo wa mtu aliyechoka kutembea juu ya waya, na Linda anauimba kwa sauti iliyonyooka, bila kulia. Ngano inatuambia huyu ni mke anamlalamikia mumewe. Sasa jiulize: mume ndiye aliyeketi akayatunga malalamiko yale, akampa mke ayaimbe. Hii si shajara ya mtu yeyote. Ni tamthilia, na mwandishi wa tamthilia ndiye pia mpiga gitaa anayesimama pembeni ya mwigizaji.

Ukiyafuatilia maisha ya Thompson utaona hakuwahi kuwa mtu wa kujianika. Alizaliwa London mwaka 1949, baba yake polisi mwenye asili ya Scotland. Alikua na kigugumizi. Kabla muziki haujamchukua alikuwa mwanagenzi kwa fundi wa vioo vya rangi, vile vya madirishani. Mwaka 1967, akiwa na miaka 18, ilianza bendi ya Fairport Convention. Mwaka 1969, mwezi Mei, gari lao lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1 wakirudi kutoka Birmingham. Martin Lamble, mpiga ngoma wao mwenye miaka 19, alifariki. Jeannie Franklyn, mpenzi wa Thompson, naye alifariki.

Mwandishi mwingine angetoka na albamu nzima ya maombolezo. Wao walikwenda kupanga nyumba mashambani kusini mwa Uingereza, wakajifungia na nyimbo za kale za visa vya mauaji, majini na wapenzi waliosalitiana, nyimbo ambazo hakuna ajuaye aliyezitunga, wakazipigia gitaa la umeme na ngoma. Kabla mwaka haujaisha wakatoa Liege & Lief. Nadhani Thompson alijifunza mengi pale. Katika nyimbo za kale msimulizi hakwambii anajisikiaje. Anakwambia nani alimkuta nani, wakasemezana nini, nani akafa. Huzuni unaitafuta mwenyewe.

Kuna kituo cha pili, na hiki nashangaa jinsi wachambuzi wa Kiingereza wanavyokipita haraka, kana kwamba kinawaaibisha. Katikati ya miaka ya 1970 Thompson na Linda walisilimu na kuingia katika jumuiya ya kisufi jijini London, iliyoongozwa na Mskoti aliyejulikana kama Abdalqadir as-Sufi, katika mkondo wa Shadhiliyya uliotoka Morocco. Wasomaji wa pwani na wa Komoro hawahitaji kuelezwa Shadhiliyya ni nini, wengine wamekulia pembezoni mwa dhikri zake. Kwenye jalada la Pour Down Like Silver, la 1975, Thompson ana kilemba na Linda amejifunika kichwa. Kisha wakaacha muziki kwa muda. Linda baadaye alitoka, lakini Thompson amebaki katika imani hiyo hadi leo.

Sasa isikilize Dimming of the Day, ya albamu ileile. Linda ndiye anaimba. Mashabiki wengi wanaupiga harusini, Bonnie Raitt aliurekodi mwaka 1994, na wote wanauchukua kama wimbo wa mke kwa mume. Sawa. Lakini mtu aliyezoea kasida, aliyesikia tangu utotoni mpenzi akiitwa na kuliliwa huku kila aliyekaa mkekani akijua mpenzi huyo si wa mtaani, anausikia kwa masikio mawili. Kiu ile, utegemezi ule, jioni ile inayoingia, ni lugha ya mja. Wala haina haja kuchagua upande. Ushairi wa kisufi umeishi karne nyingi kwa kutochagua.

Kwa hiyo mwaka 1975 wasikilizaji walisikia mume na mke mahali ambapo palikuwa na zaidi. Mwaka 1982 wakarudia vilevile, safari hii wakasikia ugomvi.

Mfano unaoniuma kabisa ni wimbo wake unaopendwa kuliko yote, 1952 Vincent Black Lightning, wa mwaka 1991, katika albamu ya Rumor and Sigh. Ni sauti moja na gitaa moja lisilo la umeme, ingawa ukisikiliza vidole vyake unaweza kuapa wako watu wawili. Kijana mwizi anaitwa James, ana pikipiki ya Vincent, anakutana na msichana mwenye nywele nyekundu anayeitwa Molly. Anampenda, anampa pete, anampigia mahesabu ya maisha yake mafupi. Anapigwa risasi katika uhalifu, Molly anaitwa kitandani, James anamkabidhi funguo na kukata roho. Basi. Mwaka 2011 jarida la Time liliuweka kati ya nyimbo 100 bora tangu 1923.

Ufundi wake uko kwenye pikipiki. Vincent ni chombo cha kweli, kilichotengenezwa Stevenage, na Thompson anakitaja kwa jina na mwaka kama fundi gereji, si kama mshairi. Anapotaja Box Hill, ni kilima halisi kusini mwa London ambako waendesha pikipiki hukutana. Mapenzi ya James kwa Molly hatuelezwi sana, tunaelezwa pikipiki, na mwishoni funguo zinapopita mkono hadi mkono tunajua kila kitu. Mwaka 2001 Del McCoury, mwimbaji wa muziki wa bluegrass kule Marekani, aliurekodi, akabadilisha Box Hill kuwa Knoxville, na wimbo haukupata hata mchubuko. Mwaka uliofuata ukawa wimbo bora wa mwaka katika tuzo za bluegrass. Ndiyo dalili ya wimbo uliosimama kwa miguu yake: unahamishwa nchi na bado unatembea.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Hakuna shabiki hata mmoja anayemuuliza Thompson aliiba benki gani. Tunajua James ni wa kubuni. Sasa kwa nini James apewe haki ya kuwa mhusika, lakini mwanamke wa Walking on a Wire anyimwe? Kwa sababu tuna habari za ndoa yao mkononi, basi. Tungekuwa na habari za wizi tungezitumia pia.

Watu wa taarabu tunalijua hili bila kulisomea. Mwimbaji anaimba fumbo. Katikati ya ukumbi mama anainuka na noti, anakwenda kumtunza, na jicho lake liko kwa mwenzake aliyekaa meza ya tatu. Wimbo ule wakati ule ni wa mama yule. Hakuna anayeuliza mwimbaji ameachwa na nani. Ubeti ukiisha ananyanyuka mwingine mwenye kisa kingine kabisa. Mashabiki wa roki wamefunzwa kinyume: wimbo ni siri ya mwimbaji, na shabiki wa kweli ni yule anayeijua siri hiyo.

Nisiwaonee lakini. Mashabiki wa Thompson ndio waliomfikisha hapa. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, Henry the Human Fly ya 1972, haikuuza kabisa. Hakuwahi kuwa nyota wa redio. Ameishi kwa watu wanaokata tiketi mwaka hadi mwaka, wanaokwenda kila Agosti kwenye uwanja wa Cropredy, Oxfordshire, ambako Fairport hukutanika na wazee wake, watu walionunua makasha ya CD tano za nyimbo ambazo nyingi hazikuwa zimewahi kutoka. Anafanya pia maonyesho ambayo watazamaji wanaandika wanachotaka kwenye vikaratasi, vinatiwa kwenye ndoo, naye anachomoa na kupiga. Si nyimbo zake tu, chochote kile. Mwaka 1999 jarida la Playboy liliwaomba wanamuziki wataje nyimbo bora za milenia, naye akawapelekea orodha inayoanzia Zama za Kati. Hawakuichapa. Akaigeuza kuwa onyesho na albamu, kutoka wimbo wa Kiingereza cha kale hadi Oops!... I Did It Again ya Britney Spears, na ule wa Britney anauimba kwa heshima zote, bila kejeli. Mashabiki wengi wa mwanamuziki mwingine wangekimbia. Wake walikaa.

Sisemi pia kwamba kila alichotoa ni dhahabu. Ngoma za Mirror Blue, ya 1994, zinasikika kama sufuria zinazoanguka jikoni, na katika hilo nakubaliana na wale wanaomlaumu Mitchell Froom, prodyuza wake wa miaka ile. Kuna jambo zito zaidi: wanaume wake wanaosimulia ni wengi mno wenye kinyongo, na wanawake wanaosimuliwa mara nyingi ni ama malaika ama balaa. Ukisikiliza albamu nne mfululizo inachosha. Hata Molly, ukimtazama vizuri, hafanyi lolote zaidi ya kupokea pete na funguo. Alipokuwa na Linda mambo yalikuwa tofauti, maana hata alipoandika mwanamke wa kufikirika, ilibidi mwanamke halisi asimame na kumpa pumzi, na Linda hakuwa mtu wa kuimba kitu kama alivyoambiwa. Katika ziara ile ya 1982 sauti ilimrudia, na alivyoimba kwa hasira! Hapo nawapa mashabiki haki yao: maneno hayakuwa ya talaka, lakini wimbo ulimkuta njiani, akauchukua. Kama mama mwenye noti.

Kitabu cha kumbukumbu cha Thompson, Beeswing, kilichotoka 2021, kinaishia mwaka 1975. Wapo waliokasirika kwamba ameruka talaka. Mimi niliona ni sawa kabisa. Ajali ya M1 ameiandika kwa sentensi kavu, moja baada ya nyingine, kama nyimbo za kale, na kurasa zile zilinitosha.

Mwaka 2024, mwishoni mwa Mei, akiwa na miaka 75, alitoa Ship to Shore. Nzuri, imara, gitaa bado lina meno. Wiki tatu baadaye Linda alitoa yake, Proxy Music. Sauti yake haiwezi tena, kwa hiyo safari hii yeye ndiye ameandika, na wengine wameimba: watoto wake Teddy na Kami, Rufus na Martha Wainwright, The Proclaimers, na wengineo. Kuna wimbo unaoitwa John Grant, na aliyepewa auimbe ni John Grant mwenyewe. Nimeusikiliza zaidi ya Ship to Shore, niseme ukweli. Nilikuwa nangoja nisikie ni lini atamjibu Richard, nikashtuka kwamba nami nimeanza kupekua.