Kikaratasi cha vitamini ya ba mama

Wasomi wenzangu, leo sichambui kitabu. Ninachambua karatasi moja iliyokunjwa mara ine ndani ya boksi ya vitamini, zile wanauza na megafoni hapa Kalemie. Mama mukubwa aliinunua, akanipa nimutafsirie, maana iko kwa Kifaransa. Nimeisoma mara tatu.

Niseme ukweli: iko na kitu kizuri. Inataja wazi mambo ambayo nyumbani kwetu hayatajwi: joto inayopanda kifuani mpaka usoni, jasho ya usiku, usingizi kupotea. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi wanakoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Sisi tunasema tu mama amebadilika, halafu tunanyamaza. Mama mukubwa alicheka kusikia mwili wake umeandikwa.

Ila karatasi inaacha kueleza na inaanza kuuza. Eti vitamini E itazima joto! Majaribio yalionyesha tofauti ndogo sana na kidonge kisicho na dawa ndani. Kinachosaidia zaidi ile joto ni dawa ya homoni, na hiyo inataka daktari, kwa sababu haifai kwa kila mama. Tena wameweka chuma ya kuongeza damu. Mwanamke aliyekoma hedhi anahitaji karibu miligramu 8 kwa siku, si 18 kama zamani, maana kila mwezi hapotezi tena damu. Kalsiamu na vitamini D, hapo nakubali, mifupa inadhoofika kweli. Lakini ndakala tunazokula na mifupa yake ziko na kalsiamu, na jua ya Kalemie haiuzwi.

Kilichonikasirisha kiko mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Inaahidi kwamba hedhi inaweza kurudi, na inaiita ujana. Mama mukubwa alikuwa amemaliza miaka miwili bila hedhi. Alipoona damu alifurahi, akanunua boksi ya pili. Hakuniambia mpaka nilipofika kwenye mstari ule, nikasita kuutafsiri.

Damu inayokuja kisha mwaka mzima bila hedhi si ujana. Mara nyingi si kansa, lakini inaweza kuwa kansa ya mufuko wa uzazi ao ya shingo yake, na inapimwa haraka, hata kama ni matone tu. Mwandishi wa karatasi hakuweka hata neno moja juu ya hiyo. Nafasi ilikuwepo: alichora maua.

Juma hii tumemupeleka kupimwa. Tunangoja jibu. Boksi ya pili iko juu ya meza, haijafunguliwa.