Kwa Akina Mama Wafinyanzi wa Upare

Pongezi zangu ziwaendee akina mama wafinyanzi wa Usangi, Upare ya Kaskazini. Hawatumii gurudumu. Mama huutwanga udongo, huuchambua vijiwe, huukanda kwa maji, kisha hukiinua chungu kwa mikono huku akikizunguka. Ukuta huparwa hadi uwe mwembamba, ukingo ukalainishwa kwa kidole kilicholowa. Hapo ndipo penye kazi: ukiacha unene usiolingana, chungu hupasuka motoni. Huanikwa kivulini siku kadhaa, ndipo kinapochomwa kwa kuni mahali pa wazi, bila tanuri.

Nikiwatazama, huukumbuka mji wa Tokoname, Japani, unaosifika duniani kwa mabirika madogo ya chai yaliyofinyangwa kwa udongo mwekundu, yasiyopakwa rangi, yenye mpini ubavuni. Wabunifu wa leo huyapa maumbo mapya, na wanunuzi huyalipia vizuri. Nayapenda sana. Lakini jicho la fundi wa Usangi halipungukiwi kitu. Linalopungua ni soko, tangu sufuria za alumini zilipojaa madukani. Hoteli za Same na Mwanga zinazopika chai ya tangawizi kutoka Mamba Myamba zingeweza kuwaagiza mabirika akina mama hawa, kwa bei inayolingana na ustadi wao.