Nani Anapewa Maneno katika Juliasi Kaizari?

Vijana wanapogawana kazi katika mchezo huu wa Shakespeare, wengi wanataka kuwa Kaizari. Wasome kwanza. Mchezo unaitwa kwa jina lake, lakini tunamwona hai katika vipande vitatu tu, naye anauawa mchezo ukiwa katikati. Mistari ya Brutus inapita yake zaidi ya mara nne. Baadaye mzimu wa Kaizari unamtokea Brutus usiku, unamjibu mara tatu, kwa maneno mafupi sana. Hata hivyo watu wanaendelea kufa kwa ajili yake.

Julius Nyerere aliutia mchezo huu katika Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, na mwaka 1969 akatoa tafsiri iliyosahihishwa. Kwetu Lubumbashi tunajua namna nyingine: mwaka 1986 wachezaji wa kikundi cha Mufwankolo walitengeneza mchezo juu ya utawala, wakapatana juu ya hadithi, na kila mmoja akatoa maneno kichwani mwake. Shakespeare anagawa mwenyewe, tena kwa mkono mgumu. Cicero, yule aliyetutoa jasho katika Kilatini, bwana wa usemi, anapata mistari tisa hivi, anatoka, na kifo chake tunakisikia kwa habari tu!

Lakini tazameni zaidi pale kwenye maiti. Brutus anaeleza sababu zake kwa mpango safi, anauliza kama yuko aliyemkosea, watu wanajibu hakuna, basi, imekwisha. Anamwachia Antonius neno la mwisho na kwenda zake. Antonius anasema, ananyamaza, anawaacha waongee wao kwa wao. Anaonyesha wasia, anakataa kuusoma, mpaka wanamlazimisha. Watu wamepewa zamu nyingi, lakini hakuna hata mmoja anayemwuliza swali gumu. Mhubiri anayempenda Antonius aangalie neno hilo.

Kisha watu wale wale wanapata zamu ya kuuliza. Wanakutana na Cinna njiani: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, una mke? Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Analia kwamba yeye ni Cinna mtunga mashairi. Mmoja anajibu, basi, araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake. Kipande hiki ni kifupi, na wako wenye kutayarisha mchezo waliokikata. Wasikikate.