Sifa za Kujaza Risasi kwa Mkono

Katika viwanja vya shabaha vya Marekani wapo watu ambao, milio ikiisha na ruhusa ikitolewa, huinama wakaokota majanini maganda ya shaba yaliyorushwa na bunduki zao, wakayapangusa vumbi na kuyatia mfukoni kwa uangalifu ambao mgeni huweza kuudhania kuwa ni ubahili. Watu hawa hujaza risasi zao wenyewe: ganda lililokwisha fyatuliwa hulirudishia umbo lake, wakalitia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya, likawa tayari kwa kazi ileile. Kwamba kazi hii inamfaa mwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono, apigaye moja moja kwa utaratibu, halina ubishi mkubwa. Ubishi huanza anapotajwa mwenye bunduki inayojijaza yenyewe, chombo kilichoundwa kwa ajili ya haraka, ambacho hula risasi kwa wingi na kuyachakaza maganda. Ndipo watu wenye busara huuliza kama yafaa mtu kukesha mezani akitengeneza kwa subira kitu kitakachoteketea kwa dakika chache. Mimi nasema yafaa, lakini si kwa sababu ambayo aghalabu hutangulizwa.

Sababu hiyo ni fedha. Ni kweli kuwa ganda la shaba ndilo sehemu ya risasi iliyo ghali, na kwamba alitumiaye mara nne au tano hugawanya gharama yake. Lakini shinikizo, kalibu na mizani navyo vina bei yake, na saa za mtu zina thamani hata kama hakuna azilipiaye. Fauka ya hayo, mtu akijiona ana risasi rahisi hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka mfuko wake huwa mtupu vilevile. Mwenye kuingia katika sanaa hii kwa kutafuta akiba ni heri aziweke fedha zake mahali pengine.

Sababu yenye uzito imo katika bunduki yenyewe, na hakuna ioneshayo haya kwa uwazi kama M1 Garand, iliyobuniwa na John Garand, mzaliwa wa Quebec katika Kanada, aliyefanya kazi katika karakana ya silaha ya Springfield huko Massachusetts. Jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1936, likaenda nayo katika Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye nyingi ziliuzwa kwa raia kupitia mpango wa kuendeleza ulengaji wa shabaha. Hata leo, katika Camp Perry, kando ya ziwa Erie, ambako mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907, lipo shindano lenye jina la mbunifu huyo.

Bunduki hii hujiendesha kwa gesi ya baruti yake. Kichwa cha risasi kikikaribia mwisho wa mtutu, sehemu ya gesi huchepuka kupitia kitundu kidogo, ikasukuma nyuma fimbo ndefu ya chuma. Fimbo hufungua komeo, ganda tupu likarushwa nje, mtambo ukategwa, na risasi nyingine ikainuliwa kutoka katika kibano cha risasi nane, yote haya kabla mpigaji hajapepesa jicho. Sasa baruti hazilingani kwa wepesi wa kuungua. Iunguayo polepole huwa bado ina kani kubwa inapofika penye kitundu kile, na kani hiyo ikizidi kiasi huisukuma fimbo kwa nguvu isiyokusudiwa, hata ikaweza kuipinda. Viwanda vinavyowatengenezea wawindaji risasi za .30-06, aina ileile iliwayo na Garand, aghalabu hutia vichwa vizito na baruti za namna hiyo, kwa kuwa vyawafikiria wenye bunduki za kukokwa kwa mkono, wala haviwezi kulaumiwa kwa kusahau chombo cha mwaka 1936. Hapo ndipo mjazaji huingia. Yeye huchagua baruti ya wepesi ule ambao Garand aliutegemea, kama ile iitwayo 4895, ambayo baada ya vita Bruce Hodgdon wa Kansas aliinunua katika masalio ya jeshi akawauzia raia kwa bei nafuu, na hivyo huilisha bunduki chakula ilichozaliwa nacho.

Kazi yenyewe ndiyo inistaajabishayo zaidi. Mwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono huweza kulirudishia ganda shingo tu, kwa kuwa kiwiliwili chake kimekwisha kuumbika kwa kadiri ya chemba ya bunduki yake; mwenye bunduki ya kujijaza hana rukhsa hiyo, kwa maana komeo lake hujifunga kwa nguvu ya springi bila mkono wa kuhisi ukinzani, na ganda nene kuliko kiasi huweza kukwama nusu ya njia. Basi kila ganda hupakwa mafuta, likaingizwa zima katika kalibu, wenzo ukashushwa kwa uzani wa bega, kisha likapimwa urefu na kukatwa lililozidi. Kabla ya hayo hutazamwa karibu na kitako, ambapo shaba iliyonyooshwa kupita kiasi hujitangaza kwa mstari unaong'aa. Fundi mzoefu hutia ndani waya wenye ncha iliyopindwa, akausikiliza kwa vidole kama unanasa penye mfuo, na ukinasa ganda hutupwa bila majuto.

Kisha yaja fataki, na hapa mzaha hauna nafasi. Kipigio cha Garand hakizuiwi na springi. Komeo linaposonga mbele kwa kasi, nacho huenda mbele kwa uzito wake na kuigusa fataki kidogo. Fataki laini mno, au iliyobaki juu ya kitako badala ya kuzama chini yake, huweza kulipuka kabla kidole hakijagusa mtambo, pengine komeo likiwa halijajifunga barabara. Ndiyo sababu wajazaji waangalifu hutaka fataki zenye kikombe kigumu, na kila moja huipitishia ncha ya kidole, moja baada ya moja, hata zikiwa mia.

Kuhusu fataki kuna kichekesho cha historia. Katika miaka ya 1860 Mwingereza Edward Boxer alibuni namna moja, na Mmarekani Hiram Berdan namna nyingine. Wamarekani wakaishika ile ya Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikaishika ile ya Mmarekani. Ya Boxer ina tundu moja katikati ya kitako, na sindano moja huisukuma nje fataki iliyokufa. Ya Berdan aghalabu ina matundu mawili ya pembeni, na kuing'oa ni taabu. Sidhani kama ufundi huu ungalienea Marekani kadiri ulivyoenea lau uchaguzi ungalikuwa kinyume.

Ila sitawasifu wajazaji katika kila jambo. Wapo wanaopima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni, na ratili moja ina greni 7,000, kisha wakabishana juu ya tofauti hiyo kana kwamba ni suala la dini. Kwa bunduki ya jeshi yenye mtutu mkuukuu, ipigwayo yadi 200, pumzi na bega la mpigaji huharibu zaidi kuliko chembe mbili za baruti. Usahihi wenye maana kwake ni ule wa usalama, yaani kutopita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha vipimo na kutochanganya baruti mbili mezani kwa wakati mmoja. Uliobaki ni anasa, na mtu huru huweza kuufurahia bila kuuita elimu.

Risasi zikiisha kujazwa huwekwa katika kisanduku, na juu yake huandikwa tarehe, jina la baruti, uzito wake na bunduki iliyokusudiwa. Mjazaji mwenye adabu hampi mtu mwingine kisanduku hicho hata akiombwa, wala hapokei cha mwenziwe, hata awe rafiki wa miaka mingi, na baina yao hakuna aonaye kuwa amevunjiwa heshima.