Usalama wa basi la shule huanzia kwenye ruti: hesabu ya Barabara ya Bagamoyo

Kila inapotokea ajali ya gari la wanafunzi, macho yote huelekea kwenye gari lenyewe. Breki na matairi hukaguliwa, dereva huulizwa leseni, mwenye shule hudaiwa vibali. Ndivyo mjadala ulivyokwenda baada ya Mei 6, 2017, siku basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Ukaguzi wa aina hiyo ni wa lazima na hauna mbadala. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hatari anayobebeshwa mtoto kila siku huwa imeshaamuliwa kabla dereva hajawasha injini. Imeamuliwa na aliyepanga ruti: gari lipite wapi, lisimame mara ngapi, lianze saa ngapi na libebe wangapi. Ukanda wa pwani kutoka Tegeta na Bunju hadi mji wa Bagamoyo unaonyesha jambo hili waziwazi.

Ukanda huu una uti wa mgongo mmoja, yaani Barabara ya Bagamoyo. Inapita Tegeta, Boko na Bunju, inavuka Mto Mpiji ulio mpakani mwa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, kisha inaingia Mapinga na Kerege kuelekea Bagamoyo mjini. Makazi yanaongezeka kwa kasi. Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 katika sensa ya mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikakuta wamezidi milioni mbili. Lakini wakazi wapya hawajengi kando ya lami. Hujenga ndani, kwenye viwanja vilivyounganishwa na njia za vumbi zenye mashimo, nyingi zikiishia kwenye geti la mtu au kichakani. Shule binafsi inapofungua usajili Januari, kila mzazi huelekeza kwake, na dereva huongeza nyumba moja baada ya nyingine kwenye mzunguko wake. Hakuna aliyekaa chini akauchora mzunguko huo. Umekua wenyewe, na ukishakua, shule huuita ruti.

Tuufanyie hesabu kwa mfano. Chukua Coaster yenye watoto 28, kila mmoja akichukuliwa getini kwao. Gari linaacha lami na kuingia mtaani, dereva anapiga honi, matroni anashuka, mtoto anatoka huku akifungwa kamba za viatu, kisha gari linarudi kinyumenyume hadi lipate pa kugeuzia. Tukikadiria dakika tatu tu kwa kila nyumba, ni dakika 84 kabla hatujahesabu mwendo wenyewe. Ongeza dakika 40 za barabarani, jumla ni dakika 124. Ikiwa kengele inagongwa saa 1:30 asubuhi, mtoto wa kwanza lazima awe garini saa 11:26 alfajiri, kabla ya mapambazuko katika mwezi wowote wa mwaka. Sasa wakusanye watoto haohao 28 kwenye vituo saba, wanne kila kituo, kwa dakika mbili kila kituo. Vituo vinachukua dakika 14, na kwa mwendo uleule wa dakika 40 safari nzima ni dakika 54. Mtoto wa kwanza anapanda saa 12:36, kukiwa kumeshapambazuka. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza ameongezewa zaidi ya saa nzima ya usingizi.

Saa hiyo moja haiishii kwenye usingizi. Ruti isiyo na akiba ya muda humlazimisha dereva kufidia kwa kasi anaporudi kwenye lami, na foleni ndogo tu ya Tegeta au Boko humtia wazimu wa haraka. Humfanya pia akubali kuzidisha watoto, kwa sababu mzunguko wa pili hauwezekani tena asubuhi hiyo. Masika ikifika, ruti ya geti kwa geti humpeleka kwenye njia ambazo hata mwenye nyumba angezikwepa. Aprili 12, 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko jijini Arusha na watoto wakapoteza maisha. Breki nzima haziwezi kuokoa gari lililoingia kwenye maji yaendayo kasi. Kinachookoa ni uamuzi wa mapema wa kutopita hapo. Katika ukanda huu wenye mabonde ya Mpiji na maeneo ya Boko na Basihaya yanayojaa maji, kila shule ingepaswa kuwa na ruti ya kiangazi na ruti ya mvua, zote zikiwa zimeandikwa na mzazi amekabidhiwa nakala.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wazazi, nalo ni zito. Watasema wanalipia usafiri ili mtoto asisimame barabarani penye bodaboda na malori. Wana haki ya kuogopa, na kituo kilichowekwa ovyo ni hatari kuliko geti. Jibu liko katika namna kituo kinavyochaguliwa: ndani ya mtaa, upande ambao mtoto havuki barabara kuu, penye mwanga na mtu mzima wa zamu, umbali ambao mtoto wa chekechea anautembea akishikwa mkono. Ushahidi kwamba mwendo wa miguu unaweza kufanywa salama uko hapa hapa Dar es Salaam. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend ulitazama maeneo ya shule na kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na alama, na pengine kuhamisha geti la shule litazame barabara tulivu. Kasi ya magari karibu na shule ilishuka kwa hadi asilimia 60 na majeruhi wakapungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Kilichofanyika pale hakikuhitaji teknolojia ya ajabu. Kilihitaji mtu wa kutembea njia ya mtoto na kuikagua hatua kwa hatua.

Pingamizi la pili ni la wenye shule: mipango ni gharama. Mji wa Boston, Marekani, ulipata matokeo tofauti. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT walipanga upya ruti za shule za umma kwa kompyuta, na mji ukaondoa mabasi 50 kati ya 650 hivi na kuokoa takriban dola milioni 5. Shule ya Mapinga yenye magari matatu haihitaji kompyuta. Ramani ya simu na daftari vinatosha. Boston inafundisha na jambo la pili. Mji ulipojaribu mwaka huohuo kubadili saa za kuanza masomo kwa njia ileile, wazazi walipinga na mpango ukafutwa. Hesabu sahihi isiyojadiliwa na wenye watoto haidumu, kwa hiyo kikao cha wazazi ni sehemu ya kazi ya kupanga ruti.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wachache, kwani watoto wengi wa shule za kata hutembea au hupanda daladala. Ni kweli, na kwao tatizo pia ni la mpango. Nauli zilizotangazwa mwaka 2023 ziliweka Sh600 kwa mtu mzima katika safari isiyozidi kilomita 10 na Sh200 kwa mwanafunzi. Kwa konda anayesaka hesabu ya tajiri, kila mwanafunzi aliyeketi ni Sh400 zilizopotea, na kumkemea hakubadilishi hesabu hiyo. Halmashauri na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wanaweza kuanza kwa kujua wanafunzi wangapi wanasubiri kituo gani saa ngapi, kisha kuwapangia magari maalumu kwa saa hizo na kuwafidia wamiliki wake.

Kwa hiyo shule ianze na karatasi moja kwa kila gari: orodha ya vituo, saa ya kila kituo, idadi ya watoto isiyozidi viti, njia mbadala ya mvua, na muda wa juu ambao mtoto yeyote atakaa garini. Dakika 60 ni kikomo kinachowezekana katika sehemu kubwa ya ukanda huu. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya gari, apewe mzazi, na mkaguzi aiombe pamoja na leseni. Mtoto anayeamshwa saa 10 usiku ili awahi shule iliyo kilomita chache kutoka kwao anaonewa, na uonevu huo unaweza kumalizwa kabla ya muhula ujao kufunguliwa.