Tawi Lisilo na Mti: Uhakiki wa Kijitabu cha Git kutoka Dzaleka

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuiona safu hii ikihakiki riwaya, diwani na, mara mojamoja, kamusi. Safari hii tuna kitu cha namna nyingine mezani: kijitabu cha kurasa 14, kilichopigwa chapa kwa kompyuta na kudurufiwa hadi herufi zikaanza kufifia, kinachofundisha kwa Kiswahili namna ya kusimamia matawi katika Git kwa kutumia mstari wa amri. Mwandishi hakujitaja. Tulikipata Lilongwe, katika nyumba moja ya Area 47, mikononi mwa vijana wawili waliokuja mjini kwa siku moja kutoka kambi ya Dzaleka, nasi tukaomba ruhusa ya kutoa nakala.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na Git, tuseme kwa ufupi. Ni programu inayotunza historia ya mafaili ya mradi: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux, na leo ni vigumu kumpata mwandishi wa programu asiyeitumia. Watu watatu wakifanya mradi mmoja, kila mmoja anaweza kujitenga kando, ajaribu jambo lake bila kuvuruga kazi ya wenzake, na likifaa liunganishwe na kazi ya wote. Kule kujitenga ndiko kunakoitwa kufungua tawi. Mtumiaji haoni picha wala vitufe. Anaandika amri kwa herufi, na mashine inamjibu kwa herufi.

Swali la kwanza ambalo mwalimu wa lugha angeuliza ni: kwa nini kwa Kiswahili, na kwa nini Dzaleka? Kambi hiyo iko katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa inao zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, kisha Burundi na Rwanda. Mkongo wa Uvira na Mrundi wa Bujumbura wakikutana hapo, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Wengi wamesoma shule kwa Kifaransa. Kompyuta inawajibu kwa Kiingereza. Sokoni wanasikia Kichewa. Kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya watu hao, na hilo pekee linatosha kutufanya tukisome kwa heshima.

Tena kina uzuri wake. Sentensi ni fupi, za kuamrisha, jinsi mtu anavyomwelekeza mwenzake aliyeketi kando. Kwa ile amri ya kupeleka kazi kwenye hazina ya mbali kimetumia "sukuma", na kwa ile ya kuileta, "vuta". Hatuoni sababu ya kutafuta maneno mengine. Na ukurasa wa tatu una aya ambayo hata vitabu vinene huipita haraka: kwamba kufungua tawi, kulihamia, kuliunganisha na kulifuta ni kazi zinazofanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, bila mtandao na bila bando. Mtandao unahitajika wakati wa kusukuma na kuvuta tu. Mahali ambapo umeme hukatika na bando hununuliwa kwa fedha ya mboga, habari hiyo inastahili kuwekwa mbele kuliko zote, na mwandishi ameliona hilo.

Tatizo linaanzia ukurasa wa tano. Hapo mwandishi, akiwa amechagua neno "tawi", anaamua kutupa mti mzima. Mradi ni mti. Njia kuu ni shina. Tawi linachipua kutoka kwenye shina, linazaa matunda, matunda yanachumwa na kupelekwa shinani, kisha tawi linakatwa ili mti upumue. Ni picha ya kupendeza, na tunakiri kwamba mara ya kwanza tuliisoma kwa furaha. Walimu wa fasihi tuna udhaifu huo. Lakini angalia inavyoendelea: "Tawi lililokatwa haliotei tena." Na chini yake: "Tawi likigoma kukatika, tumia D kubwa."

Mmoja wa vijana wale, mzaliwa wa Uvira, aliifuata sentensi hiyo. Yeye na mwenzake walikuwa wakitengeneza tovuti ya kikundi cha mafundi cherehani. Alifungua tawi kwa amri `git switch -c bei-mpya`, akafanya kazi jioni mbili, akarudi kwenye njia kuu, kisha akataka kufanya usafi. Akaandika `git branch -d bei-mpya`. Git ikakataa. Ilikuwa inamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kazi iliyomo katika tawi hilo bado haijaunganishwa popote. Yeye alisoma kugoma, kama alivyoandaliwa na kijitabu, akaongeza nguvu: `git branch -D bei-mpya`. Tawi likafutika. Kwa siku tatu hakumwambia mwenzake. Tawi lililokatwa haliotei tena, si ndivyo ilivyoandikwa?

Hapa ndipo sitiari iliponyima watu haki yao. Katika Git, tawi si kiungo cha mwili wa mradi. Kwa kawaida ni faili dogo lenye mstari mmoja: herufi na tarakimu 40 zinazotaja kumbukumbu fulani ya kazi, basi. Ni kibandiko. Ukiongeza kumbukumbu mpya, kibandiko kinasogea mbele. Ukilifuta tawi, umebandua kibandiko. Kazi yenyewe bado iko pale pale, ila haina jina la kuitia. Ikishaunganishwa na njia kuu, haihitaji jina hilo tena, ndiyo maana d ndogo inakubali. Kama haijaunganishwa, inabaki bila njia ya kuifikia, na baada ya muda Git yenyewe huja kuifagia. Kwa mpangilio wa kawaida, kumbukumbu za aina hiyo hubaki katika daftari lake la mapito kwa siku 30.

Mwenzetu anayefundisha kompyuta aliketi na kijana yule pale pale Area 47. Aliandika `git reflog`, ikaja orodha ya mahali pote kijana alipokuwa amesimama siku zile. Wakaichagua kumbukumbu ya jioni ya pili, wakaandika `git branch bei-mpya` wakifuatisha namba yake. Kibandiko kikarudi na bei zikarudi. Haikuchukua dakika mbili. Aidha, tuligundua kwamba namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye skrini siku ile ile alipofuta, mwishoni mwa ujumbe wa kufuta. Hakuisoma. Kwa nini angeisoma? Mtu aliyekata tawi haangalii namba.

Basi tulitoka pale tukiwa tumekata shauri kwamba neno "tawi" halifai. Tulijaribu mengine. Mmoja wetu alipendekeza "mchepuo", kwa kuwa shule za Tanzania zina mchepuo wa sayansi na mchepuo wa biashara; lakini mwanafunzi wa mchepuo wa sayansi harudi mwisho wa muhula kuunganishwa na wenzake. Mwingine akasema "mchepuko", maana barabara ya mchepuko hutoka njia kuu na kuirudia. Kwa maana ya kifundi lilikuwa bora kuliko yote. Wanafunzi wetu walipolisikia walicheka dakika nzima, na msomaji anayejua mitaa ya Dar es Salaam anajua mchepuko wa mtu ni nani. Hatuwezi kumwambia kijana afungue michepuko sita kabla ya chakula cha mchana.

Kilichoturudisha kwenye "tawi" ni Kiswahili chenyewe. Mtanzania anaposema tawi la benki, haoni mti. Wala haoni mti anaposema tawi la chama. Kwa kweli katika mpangilio wa TANU, na baadaye CCM, shina ni kikundi kidogo cha nyumba chache, na tawi ni kubwa kuliko shina, jambo ambalo mkulima yeyote angelikataa. Kichewa nacho kina "nthambi", ambalo ni tawi la mti, lakini Wamalawi husema pia "nthambi" tatu za serikali pale ambapo sisi tunasema mihimili. Neno limekwisha kuacha mti wake zamani. Kijitabu ndicho kilicholirudisha msituni.

Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba neno libaki na mti uondoke. Hatuoni kuwa hili ni jambo dogo. Juhudi kubwa za kukifikisha Kiswahili kwenye kompyuta, kama mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilishughulika zaidi na menyu na vitufe. Kitufe kina picha, na mtu akikosea jina lake bado anaona kinachotokea. Kwenye mstari wa amri hakuna cha kuona. Mwanafunzi ana neno peke yake, na picha aliyopewa na neno hilo ndiyo skrini yake.

Kuna maneno mawili zaidi tusiyoweza kuyapita. La kwanza ni "hifadhi". Kijitabu kinalitumia kwa kuhifadhi faili ndani ya kihariri, na tena kwa amri ya `git commit`. Matokeo yake msomaji anadhani amekwisha maliza kazi wakati hajaanza. Sisi tungesema "weka kumbukumbu", kwa mfano wa kumbukumbu za kikao: zina tarehe, zina jina la mwandishi, zina maelezo ya kilichoamuliwa, na atakaye kurekebisha jambo kwa kawaida huandika kumbukumbu nyingine badala ya kuchana ukurasa. Wajumbe wa vikao vya idara yetu wataelewa mara moja, ingawa sote tunajua jinsi kumbukumbu hizo zinavyochelewa.

La pili ni zito. Git ina alama iitwayo HEAD, inayoonyesha mahali mtumiaji aliposimama. Kwa kawaida alama hiyo hukaa juu ya tawi. Ukifungua kumbukumbu ya zamani moja kwa moja, bila kupitia tawi, Git inakuonya kwa Kiingereza kwamba HEAD imetengana. Ni hali isiyo na hatari. Unaweza kutazama, na ukitaka kufanya kazi ya kubaki, unafungua tawi hapo hapo. Kijitabu, ukurasa wa tisa, kimetafsiri: "Uko katika hali ya kichwa kilichokatwa."

Yule kijana wa pili, msichana aliyeletwa kambini akiwa mdogo, alitusimulia siku mwalimu wao aliposoma mstari huo kwa sauti darasani. Darasa lilinyamaza. Kisha mzee mmoja, mwanafunzi kama wao, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, kichwa ya nani imekatwa?" Baadhi walicheka, naye akatoka nje. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, na bila shaka mwandishi naye hakuwa nayo. Alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza ya kila neno, akaendelea na ukurasa unaofuata. Sisi tunaofundisha tafsiri tumewapa wanafunzi alama kwa kazi za namna hiyo. Mfasiri amwangalie msomaji wake, tunasema darasani, kisha tunasahihisha kana kwamba msomaji ni kamusi. Watu wa Dzaleka wametoka walikotoka. Sentensi inayopita kimya Nairobi haipiti kimya kwao.

Ndogo ndogo nyingine tuziache, isipokuwa moja inayochekesha. Jina la zamani la njia kuu, `master`, limetafsiriwa "tawi la bwana", na vijana wote wawili walidhani ni tawi la mwalimu ambalo wao hawaruhusiwi kuligusa. Tangu mwaka 2020 GitHub imekuwa ikiipa miradi mipya jina `main`, kwa hiyo kosa hili limejifia lenyewe. Kijitabu pia kinafundisha `git checkout` peke yake kwa kuhama tawi, ilhali tangu Agosti 2019 ipo `git switch`, ambayo kazi yake ni moja na jina lake halichanganyi. Toleo lijalo liibadilishe.

Toleo lijalo lipo, na linatengenezwa na vijana wale wawili. Wamekiandika kijitabu upya katika hazina ya Git, kila ukurasa katika tawi lake, nao walitutumia orodha ya matawi hayo. Ukurasa wa tano umekwisha unganishwa: mti haumo, kibandiko kimo, na D kubwa imepewa onyo la mistari mitatu, pamoja na maelekezo ya `git reflog`. Ukurasa wa tisa bado. Tulipendekeza "umesimama nje ya tawi". Msichana anaona "nje" inatisha kama vile umefukuzwa, na anapenda "umesimama bila tawi". Kijana wa Uvira anataka HEAD ibaki HEAD. Wasomaji wenye pendekezo walilete ofisini kwetu, chumba kile kile, tutawapelekea.